MASHINE YA MABANGO INAPOZIBA KOO

Ndugu msomaji, tembea leo mjini Chake Chake, ama Wete, ama shuka bandarini Mkoani, kisha uinue macho. Bango la duka la dawa, bango la chuo cha Kurani linalotangaza maulidi, bango la mashindano ya mpira Gombani, na picha ya mgombea aliyekwisha kushinda au kushindwa siku nyingi lakini bado anatabasamu juu ya nguzo: aghalabu hayo hayakuchorwa kwa brashi. Yamechapwa na mashine ya kunyunyiza wino, ambayo upana wa kazi yake hukaribia urefu wa mtu mzima. Kazi iliyomchukua mchoraji wa herufi siku mbili na makopo yake ya rangi ya mafuta, leo humalizika kabla chai haijapoa.

Lakini mashine hizo zina maradhi yao, na lililo kubwa kuliko yote ni kuziba kichwa. Juma hili nalileta jambo hilo katika ukurasa wa jamaa, wala si katika ukurasa wa mitambo, kwa sababu nyuma ya mashine kama hiyo mara nyingi ipo nyumba nzima inayokula kwayo.

Tuchukue mfano. Mama ameweka akiba ya karafuu za misimu miwili. Kijana wake amekopa kilichopungua katika chama cha kuweka na kukopa. Mashine imenunuliwa Dar es Salaam, ikavushwa kwa boti na kuwekwa katika chumba cha mbele kinachotazama barabara. Miezi inapita, kazi inakwenda. Kisha Alhamisi jioni linachapwa bango la arusi ya Jumamosi, na mstari mweupe unakatiza katikati ya uso wa bwana arusi. Kijana anaingiwa na hofu. Anaiamuru mashine ijisafishe mara kumi mfululizo. Mstari hauondoki, wa pili unazuka. Hapo anachukua bomba la sindano, analijaza maji ya kisima au spiriti, naye anasukuma kwa nguvu zake zote. Ijumaa asubuhi mashine haiwaki kabisa. Kilichokuwa mafua kimekuwa mauti.

Kichwa kipya cha daraja la chini hugharimu dola mia kadhaa za Marekani, na kile cha daraja la juu hupita elfu moja. Kwa karakana ndogo ya Pemba hiyo ni fedha ya ada za shule na ya ukarabati wa nyumba kwa pamoja. Nami nathubutu kusema kwamba vichwa vingi vinavyotupwa jalalani havikufa kwa kuziba, bali viliuawa na tiba.

Hebu kwanza tukijue kichwa chenyewe, ambacho mafundi wetu hukiita hedi. Ni kitu kinachotosha katika kiganja cha mkono. Upande wake wa chini una bamba jembamba lenye vitundu vilivyopangwa kwa safu. Kile cha Epson kinachojulikana kwa jina la DX5, kilichoenea sana katika mashine za aina hii, kina safu 8, na kila safu ina vitundu 180, yaani jumla vitundu 1,440. Ndugu yake wa bei nafuu, XP600, ana safu 6, yaani vitundu 1,080. Kila kitundu ni chembamba kuliko unywele wa binadamu. Nyuma ya kila kimoja kipo chumba kidogo cha wino, na ukuta wa chumba hicho umeshikamana na kipande cha kitu kigumu mfano wa kauri, ambacho kikipata umeme hubadilika umbo kwa kadiri isiyoonekana kwa macho. Badiliko hilo dogo ndilo linalosukuma tone litoke.

Elimu hiyo ni kongwe. Mwaka 1880, Seyyid Barghash akiwa bado anatawala Unguja na Pemba, ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme, na mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake, kwamba zikipewa umeme hubadilika umbo. Ilipita zaidi ya miaka mia moja hata kampuni ya Epson ya Japani ikatoa, mwaka 1984, mashine yake ya kwanza ya kunyunyiza wino kwa njia hiyo. Iko njia nyingine, ya joto. Mwaka 1977 mtafiti wa kampuni ya Canon, Ichiro Endo, aliona chuma cha moto cha kulehemu kikigusa sindano yenye wino, na wino ukaruka. Vichwa vya namna hiyo vimo hata leo katika baadhi ya mashine za mabango, lakini mwenye mashine hutazamiwa kuvibadilisha mwenyewe kila vinapochakaa, mithili ya betri za tochi. Mashaka yetu ya leo ni ya vile vya kwanza, vinavyotazamiwa kuishi miaka na ambavyo bei yake inaumiza.

Sasa wino. Ule unaotumika zaidi kwa mabango ya nje huitwa wa eko-solventi. Ndani yake mna rangi iliyosagwa ikawa laini kupita unga, mna gundi ya kuishikiza rangi hiyo juu ya plastiki, na mna kiyeyusho kinachoviweka vyote katika hali ya maji. Kiyeyusho kikiruka, rangi na gundi hubaki na kuganda. Ndivyo ulivyokusudiwa: ukauke upesi na ung'ang'anie, mvua ya masika isiuondoe. Msiba ni kwamba wino haujui tofauti ya bango na kichwa. Mdomoni mwa kila kitundu umo wino unaopigwa na hewa, na ukiachwa wazi hugeuka uji, kisha ukawa ulimbo, kisha ukawa jiwe.

Kwa sababu hiyo mashine isipofanya kazi hukipeleka kichwa pembeni na kukikalisha juu ya kifuniko chenye ukingo wa mpira, kama chungu kinavyofunikwa mkungu wake. Chini ya kifuniko ipo pampu ndogo ya kufyonza. Ukingo wa mpira ukiwa na utando wa wino mkavu, au umepasuka, kifuniko hakizibi barabara. Hewa hupita usiku kucha, na asubuhi rangi moja haipo. Kabla hujakilaumu kichwa, basi, kitazame kifuniko. Ni kipande cha bei ndogo, nacho huleta hasara kubwa.

Wapo wanaosema kwamba ni hewa yetu ya bahari inayoziba vichwa. Hilo nalipinga. Chumvi ya pwani ni adui wa vyuma na maungio ya umeme, lakini hewa yenye unyevu haikaushi wino. Kinachokausha ni joto la chumba kilichoezekwa bati bila dari, na upepo wa feni unaoelekezwa kwenye mashine. Vumbi la barabarani nalo lina sehemu yake, likisaidiwa na nyuzi za pamba na manyoya ya paka aliyelala juu ya roli la plastiki.

Zaidi ya hayo yote, hapa Pemba tunayo sababu mbili zetu wenyewe.

Ya kwanza ni umeme. Hadi mwaka 2010 kisiwa hiki kiliishi kwa majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo ilipoanza kazi waya ya chini ya bahari kutoka Tanga, iliyogharimiwa kwa msaada mkubwa wa Norway. Wenzetu wa Unguja wanakumbuka vyema maana ya kutegemea waya, kwani baina ya Disemba 2009 na Machi 2010 waya yao iliharibika na mji ukakaa gizani kiasi cha miezi mitatu. Kwetu sisi waya ya Tanga ilifungua milango ya kazi nyingi, hii ya mabango ikiwa mojawapo. Hata hivyo umeme kukatika ni jambo la kawaida, na mashine ya kuchapa haikatikiwi umeme kama taa. Taa huzimika, basi. Mashine huachwa na kichwa chake katikati ya safari, kiko uchi, juu ya bamba ambalo bado lina moto wa kukaushia bango. Saa moja katika hali hiyo yaweza kuwa mbaya kuliko juma zima la kukaa chini ya kifuniko.

Umeme ukikatika kazini, usikae kuusubiri. Zima swichi ya mashine na ya ukutani, kisha kwa mkono, taratibu sana, kisukume kichwa hadi juu ya kifuniko chake, ambacho katika mashine nyingi kipo upande wa kulia. Kikikataa kusogea usilazimishe. Rejea kitabu cha mashine. Anayemudu na anunue UPS, lakini ajue kwamba hita za mashine hula umeme mwingi, na UPS ndogo iliyotengenezwa kwa kompyuta haitaziweza. Baadhi ya mashine zina waya wa pili uliotengwa kwa hita pekee. Hapo UPS hupewa mashine, na hita zikaachiwa umeme wa ukutani. Haja yako si kumaliza bango gizani, ni dakika mbili tatu za kukirudisha kichwa nyumbani.

Sababu ya pili ni karafuu. Msimu ukija, nani Pemba anakaa dukani? Mwenye mikarafuu huenda kuchuma, na asiye nayo huenda kuchumia wenziwe. Karakana hufungwa wiki tatu, mwezi, mashine imezimwa. Mtu anarudi na fedha za karafuu mfukoni, kisha fedha hizo hizo zinakwenda kununua kichwa. Dawa yake haina uchawi. Maadamu mmoja wa nyumbani anaweza kufika kila siku, au walau kila siku ya pili, na awashe mashine, achape kipande kidogo chenye rangi zote, kisha azime. Wino unaotumika hapo ni wa thamani ndogo kabisa. Kama hakuna wa kufika, wino utolewe katika mirija na mahali pake pajazwe dawa ya kusafishia ya mashine hiyo, yaani mashine ilazwe, halafu ndipo mlango ufungwe. Ni kazi ya asubuhi moja.

Haya, tuseme kichwa kimekwisha kuziba. Tufanye nini?

Anza kwa chapa ya majaribio, ile mistari midogo mingi ambayo mashine huichora ikitakiwa. Kila mstari ni kitundu kimoja. Iandike tarehe na uihifadhi. Isafishe mashine mara moja kwa amri yake yenyewe, kisha uchape tena na uzilinganishe karatasi mbili. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote, nami nakuomba usiharakishe. Mapengo yakibaki mahali pale pale, kuna kitundu kilichoziba au kilichokufa. Mapengo yakihamahama, leo hapa na baadaye kule, kichwa hakijaziba: wino haufiki vizuri, au hewa imeingia katika mirija. Na bango likianza vizuri kisha rangi ikafifia kadiri kazi inavyoendelea, itazame dampa, kile kijaluba kidogo cha plastiki kilicho juu ya kichwa, chenye chujio ndani yake. Chujio likijaa taka, wino hupita kwa shida kama maji katika mfereji wenye majani. Dampa hubadilishwa kwa fedha kidogo. Ni watu wangapi waliokwisha kununua kichwa kipya kumbe tatizo lilikuwa dampa!

Usafishaji kwa amri ya mashine usipite mara tatu mfululizo. Kila mara pampu hufyonza wino mwingi, nayo yaweza kuingiza hewa mahali ambapo hapakuwa na hewa. Baada ya mara ya tatu, iache mashine ipumzike saa kadhaa. Mara nyingine wino mpya uliofyonzwa huulainisha ule mkavu wenyewe, na baada ya mapumziko mistari hurudi bila ya mtu kufanya lolote.

Isiporudi, nenda kwenye kifuniko. Kisafishe ukingo wake kwa kijiti cha sponji kilicholowa dawa ya kusafishia, si kwa pamba, maana pamba huacha nyuzi, na nyuzi moja chini ya kichwa hupaka wino bango zima. Kisafishe na kile kifutio cha mpira. Kisha mimina dawa ndani ya kifuniko na uiendeshe pampu: dawa ikifyonzwa yote, pampu na mrija wake ni vizima, ikibaki imetuama, umeshaupata ugonjwa, nao haumo katika kichwa hata kidogo. Pampu ikiwa nzima, kijaze kifuniko dawa tena, kikalishe kichwa juu yake, zima mashine, ukalale. Kulowesha usiku mmoja kumeokoa vichwa vingi kuliko nguvu za mikono.

Bomba la sindano ni la mwisho, na ni la mtu mwenye subira. Umeme uondolewe ukutani, si kwa swichi pekee. Dampa ivuliwe, na mrija laini uvishwe katika njia ya wino ya ile rangi iliyoziba. Sukuma kidogo, acha, sukuma kidogo; uone matone yakichuruzika chini katika mistari myembamba. Ukiona ugumu, usiongeze nguvu, ongeza muda. Ndani ya kichwa mna kuta nyembamba mno na maungio ya gundi. Shinikizo likizidi hupasuka, na rangi mbili zikaanza kuchanganyika milele. Jambo la kuogopwa zaidi ni tone kuangukia utepe wa waya unaoingia juu ya kichwa. Umeme ukiwashwa utepe ukiwa umelowa, kichwa huungua, na mara nyingine huunguza pamoja nacho bodi kuu ya mashine. Kausha, kagua kwa tochi, ngoja, kagua tena, ndipo uwashe.

Na ni dawa gani inayotiwa? Ile iliyotengenezwa kwa wino wako, basi. Maji hayaiyeyushi gundi ya wino wa eko-solventi, bali huifanya igande zaidi. Petroli, asetoni na tina ya rangi hula gundi ya kichwa chenyewe. Sindano ya kushonea nisiisikie kabisa. Kitundu kikikwaruzwa, tone lake litakwenda upogo maisha yake yote. Kadhalika wino usio na jina, unaouzwa rahisi katika madumu: ukichanganywa na ule uliomo katika mirija waweza kuganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Anayelazimika kubadili wino auondoe wa kwanza wote, apitishe dawa, ndipo atie mwingine.

Sasa naomba niseme na akina mama na akina baba, maana nyingi ya karakana hizi zimo ndani ya nyumba zetu. Neno hilo "eko" lisikudanganye. Mvuke wa wino huu si marashi. Madirisha yawe wazi mashine inapofanya kazi, na mtoto mchanga asilazwe katika chumba hicho kwa kisingizio kwamba kina feni. Mwenye kusafisha kichwa avae glavu, na moto au sigara visikaribie. Lipo jambo moja ambalo linanitia hofu kuliko kichwa chochote kuungua: dawa ya kusafishia kutiwa katika chupa ya maji ya kunywa. Haina rangi. Mtoto ametoka kucheza jua kali, ameiona chupa, ameinua. Ndugu yangu, dawa ikae katika chombo chake ilichonunuliwa nacho, chenye maandishi, juu ya kabati lenye kufuli. Wino mchafu unaokusanyika katika kopo la chini ya mashine nao usimwagwe uani. Nyumba zetu nyingi zinachota visimani, na kinachozama katika udongo leo hakipotei. Ufungiwe katika dumu, na Baraza la Mji liulizwe pa kuupeleka.

Ikiwa umefanya yote niliyoyataja, na mapengo yamebaki pale pale siku ya tatu, huenda vile vipande vya mfano wa kauri vimeungua, na hapo hakuna dawa ya maji itakayovifufua. Mapengo machache yaliyotawanyika yanaweza kuvumiliwa: mashine nyingi zinaweza kuchapa kwa kupita mara nyingi zaidi juu ya mahali pamoja, kazi ikaenda polepole lakini ikatoka safi. Kwa mabango yanayotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, kichwa cha namna hiyo kinaweza kuendelea kukulisha miezi mingi huku ukiweka akiba.

Ikibidi kununua, tahadhari na vichwa vilivyotumika. Vingine vimefungwa kwa siri za kampuni, navyo havitakubaliwa na mashine isiyokuwa ya aina yake. Mwambie muuzaji jina kamili la mashine yako na la bodi yake kabla ya kutuma fedha. Na kama una ndugu au rafiki Dar es Salaam, mwombe aende dukani mwenyewe, kichwa kifungwe katika mashine mbele yake, aione chapa ya majaribio ikitoka, aipige picha na kukuletea, kisha ndipo kipakiwe kwenye boti.